Kiapo cha Bunduki

Walianza na muhogo. Hashakum, nawataja nguruwe, na nitawataja sana katika maneno haya, basi anayekirihika azibe masikio mapema. Walianza na muhogo wa upande wa chini, wakaja kwenye viazi, mwisho wakafika kwenye minazi michanga niliyoipanda kwa mikono yangu hii, wakaing'oa mmoja mmoja wakala moyo wake. Nikiamka alfajiri nikitazama shamba naona mashimo matupu, utadhani watu wamekesha wakitafuta hazina.

Hapo ni Mishomoroni, huku bara, mbele ya Kisauni, mwaka wa arobaini na saba. Msidhani palikuwa na watu. Jirani yangu wa karibu alikuwa Jefwa, Mgiriama mtu wa kanisani, na kumwita ilibidi usimame juu ya kichuguu upaze sauti mpaka koo likauke. Msikiti ulikuwa mwendo wa nusu saa. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi Mahfudh na mke wangu Ruwaida. Tulijaliwa binti mmoja, Khairiya, surua ikamchukua akiwa na miaka minne. Tangu hapo hatukupata mwingine, lakini jina lilibaki: mimi Baba Khairiya, yeye Mama Khairiya, tukiitana hivyo kutwa katika nyumba isiyokuwa na Khairiya.

Ruwaida ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale. Amekulia mahali ambapo mtu akipiga chafya nyumba hii, nyumba ya pili humwombea dua. Nilimleta huku bara mwaka wa thelathini na moja, akiwa mwari, akakuta minazi na ndege. Hakunung'unika. Nami nikachukulia kwamba mke asiyenung'unika ameridhika, nikaendelea na kazi zangu.

Sasa niwaambie kasoro yangu, kabla hamjaambiwa na wengine. Nina hasira. Ulimi wangu hutangulia, akili ikaja nyuma inatweta. Mara mbili nilimtamkia Ruwaida talaka. Ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya kitoweo kilichoungua, wallahi naona haya hata kulisema. Ya pili alikuwa amekwenda harusini kwao akalala siku mbili badala ya moja. Na mara zote mbili sikulala usingizi, asubuhi yake nikamrejea. Sheria yetu yajulikana: mume akitoa talaka moja au ya pili, aweza kumrejea mkewe maadamu eda haijaisha, kwa neno lake tu, basi. Ya tatu haina rejea. Ukiitoa ya tatu mwanamke huyo si wako tena, ulie usilie. Kwa hiyo nilikuwa nimebakiwa na moja, na kwa miaka mitatu nilitembea nayo kama mtu aliyetia yai mfukoni.

Habari za bunduki nilizipata kwa Jefwa. Alikuwa amefanya kibarua Changamwe, akamjua Mbulushi mmoja, Pirdad, aliyekuwa mlinzi wa maghala zamani. Macho yalikuwa yanamwishia, akawa anauza bunduki yake. Si gobori la kushindilia baruti, la. Ilikuwa ile ya mtambo wa chini: penye kidole pana pete kubwa ya chuma, waisukuma mbele, wairudisha, ganda limeruka nje na risasi nyingine imeingia. Tumboni hubeba saba. Ukiwa na kundi la nguruwe mbele yako hiyo ndiyo bunduki, maana gobori ukishapiga mara moja waliobaki hukaa wakakungoja ushindilie. Mpya yake ilikuwa mjini dukani kwa Mhindi, na bei ile mtu huiuliza kwa adabu kisha akatoka.

Cheti cha serikali nilikwisha kukipata. Havikuwa vikitolewa ovyo vyeti hivyo, lakini shamba langu lina hati, na mudiri, mkubwa wa serikali wa kwetu, alikuja mwenyewe akatumbukia mguu katika shimo la nguruwe hadi gotini. Baada ya hapo hakuhitaji maelezo. Cheti kilisema bunduki moja, risasi ishirini, na mwisho wake ni mwisho wa mwezi.

Basi siku ya Jumamosi, tumekaa twala cha mchana, nikamweleza Ruwaida. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua miba ya samaki.

"Sitaki bunduki ndani ya nyumba hii," akasema.

"Ala! Wataka nguruwe waje wale mpaka mlango?"

"Wale nguruwe siwaogopi mie."

Hapo mtu mwenye akili angemuuliza, basi wamwogopa nani? Mimi sikuuliza. Nilianza kumhesabia: tumepiga madebe miezi miwili, tumeweka ua wa miiba, tumeazima mbwa wa Jefwa na mbwa mwenyewe alipoona ukubwa wa wale madume akarudi kwao. Akanikatiza, na si kawaida yake kunikatiza.

"Tuuze shamba, Baba Khairiya. Turudi mjini. Kaka yangu Barakat ana chumba cha juu, kiko tupu."

Lahaula! Mimi nikaishi chumba cha shemeji! Nipande ngazi za watu, nikohoe kwa ruhusa! Damu ilinipanda, sahani ikaruka sijui ilivyoruka, nikasimama nikanyoosha kidole.

"Wallahi, jua la Ijumaa hii likitua na bunduki ya Pirdad haijaingia nyumba hii, wewe Ruwaida umeachika!"

Kuku walikuwa wakitembea uani, nikawasikia hatua zao. Ruwaida aliinama akaokota vipande vya sahani, akavipanga kitambaani kimoja kimoja.

"Ijumaa hii?" akauliza.

"Ijumaa hii!"

"Haya," akasema. Akaenda kuniletea sahani nyingine.

Sikumaliza chakula. Nilipanda baskeli nikaenda mbio kwa Maalim Rama, imamu wetu, nikamkuta anashona kofia barazani. Nikamweleza kila kitu, na nikamkumbusha kwamba mbili zimekwisha kutoka. Nikamwambia, "Lakini Maalim, nilikuwa na hasira."

Hakuinua macho kwenye kofia yake. "Na wangapi huacha wake wakiwa na furaha?"

"Basi hakuna njia?"

"Umefungamanisha talaka na jambo. Jambo likiwa, talaka haiwi. Jambo lisipokuwa, mke huna, na huna rejea. Nenda kanunue bunduki yako, Mahfudh. Na ukisha kuinunua ujifunze kunyamaza."

Nikarudi nyumbani nikisukuma baskeli kwa mkono. Jambo ambalo juzi lilikuwa habari ya muhogo sasa lilikuwa habari ya Ruwaida. Siku sita. Katika kopo langu mlikuwa na shilingi sabini.

Jumatatu nilikwenda Changamwe. Pirdad alikuwa mzee wa mifupa mipana, ndevu nyekundu za hina, anakaa chumba kimoja nyuma ya stesheni na bunduki yake imelazwa kitandani kama mgonjwa. Alinifundisha. Alinishika mkono akauweka kwenye ile pete ya chuma, akausukuma chini, akaurudisha juu. Klak, klak. Kitako kilikuwa na ufa uliofungwa kwa waya wa shaba, na kasiba, lile bomba la kutokea risasi, ilikuwa imekwaruzwa, lakini mtambo ulikwenda laini.

"Mia na sitini," akasema.

"Mia."

"Kwa mia nitakukatia kitako uende nacho."

Tukavutana hivyo. Na hapo nikafanya upumbavu mkubwa kuliko wote, nikamweleza kisa changu. Nilidhani atanihurumia. Mbulushi akacheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi, akasema, "Sasa ni mia na sabini."

Lakini yeye pia alikuwa na shida yake. Cheti chake kilikuwa kinaisha mwezi ule ule, na macho yale hakuna ofisi ambayo ingempa kingine. Asipouza, polisi wataichukua bure. Nilipolitambua hilo nikajifanya naondoka. Akaniita. Tukapatana mia na arobaini pamoja na risasi zake ishirini, pesa mkononi, na mwisho Ijumaa.

Baskeli nilimuuzia Odhiambo, fundi wa pale pale Changamwe, kwa thelathini na tano. Alijua nina haraka, akaizunguka mara tatu akipiga kidole kila mahali penye kutu. Nikarudi Kisauni kwa miguu. Jumanne nikaenda kwa Jefwa.

Jefwa hakucheka. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole. Akaniuliza, "Bwana Mahfudh, ukimpiga nguruwe, nyama utaifanya nini?"

"Nyama? Nyama gani? Mimi hata kumgusa simgusi."

"Basi atakayeanguka wote ni wangu. Wewe piga, mimi nitaburura. Nikupe ishirini sasa hivi."

Nikamwambia sitaki kujua atakachofanya na mizoga ile, lakini ishirini nikazipokea. Mkewe Sidi alikuwa mlangoni anatwanga. Aliponisikia nikieleza habari ya kiapo aliacha mchi juu, akanitazama, kisha akaendelea kutwanga. Nikadhani ananionea huruma.

Wiki ile Ruwaida alikuwa mwema kwangu jinsi nisivyoweza kuwasimulia. Alinipikia vitu vya sikukuu. Alinipasia kanzu zangu zote, hata zile kuukuu. Alianika nguo zake juani, sanduku zima, nikamuuliza kuna nini, akasema zimeingia unyevu. Jioni alikaa karibu nami barazani, akaniuliza habari za mama yangu marehemu, akataja mambo ya Khairiya ambayo tulikuwa hatuyataji. Alinikumbusha jinsi mtoto yule alivyokuwa akimwita jogoo "babu". Nikacheka, yeye akacheka. Nikasema moyoni, maskini, anaogopa kunipoteza. Nikajiona mume anayependwa.

Siku nilizokuwa njiani nilikuwa mpweke, lakini upweke ule wa njiani una mwisho, wajua unarudi kwa mtu. Huu wa sasa ndio nisioujua pa kuupeleka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na mia na ishirini na tano. Zilinipungukia kumi na tano, basi, na nilikwisha kuzunguka Kisauni yote. Wenye pesa walikuwa hawanipendi na walionipenda hawakuwa na pesa. Ndipo nikalikumbuka lile nililokuwa nikilizungukazunguka tangu Jumamosi. Ruwaida alikuwa na bangili nne za dhahabu, za mahari yake. Sikutaka kuziomba, maana ni mali yake, na mume kuomba mahari aliyoyatoa mwenyewe ni fedheha. Lakini fedheha na talaka, bora fedheha. Nikamkuta jikoni anakuna nazi.

"Mama Khairiya, nina haja nawe."

"Abee."

"Nipe bangili moja tu. Nikaiweke rehani, nitaikomboa msimu wa nazi. Zimebaki kumi na tano."

Aliendelea kukuna. Mbuzi ya nazi ikawa inalia chini yake, kwaru, kwaru.

"Bangili zile ni mahari yangu," akasema. "Mwanamke huziweka kwa siku kama ya kesho."

"Lakini ukinipa, hiyo kesho haitakuwepo!"

"Mimi sikuapa, Baba Khairiya. Wewe ndiwe uliyeapa."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu, nina majibu ya ukali tele. Nikatoka nikapiga teke debe likaenda mpaka kisimani, nikajiambia anataka kunitia adabu, anataka nihangaike kidogo. Wanawake ndivyo walivyo, nikasema. Ati mimi ndiye niliyekuwa nikijua wanawake walivyo.

Ijumaa nilitoka alfajiri kwa miguu. Nilivuka daraja la Nyali, lile linaloelea juu ya maboya, nikakipita kisiwa chote, nikashika Makupa mpaka Changamwe. Nikamwekea Pirdad pesa zangu kitandani.

"Ni mia na ishirini na tano. Sina nyingine. Waweza kunipiga, waweza kunifukuza, sina."

Akazigusa moja moja kwa vidole, maana haoni vyema. Halafu akaniuliza, "Kiapo chako kilitaja risasi?"

"La. Nilisema bunduki."

"Basi chukua bunduki. Risasi zibaki, nitamuuzia mwingine."

Nikambusu mkono, nawaambia kweli. Nilinunua bunduki isiyo na hata risasi moja, bunduki ya kumtishia mtu asiyejua, na nilikuwa na furaha isiyo kifani.

Ikabaki polisi. Ilitakiwa namba ya bunduki iandikwe kwenye cheti changu na ifutwe kwenye cha Pirdad. Karani, Mwangi, alikuwa ametoka kula. Tukakaa kwenye benchi, mimi na yule mzee na bunduki katikati yetu. Nikaenda kuswali Ijumaa nikarudi, Mwangi hayupo. Saa tisa akaja, akataka kalamu nyingine, akasoma cheti neno kwa neno, akaniuliza jina la baba yangu mara mbili. Mimi! Mimi mwenye hasira! Siku ile nilijibu kila kitu kwa "naam bwana" na "ndiyo bwana", na jasho likinitiririka mgongoni. Tulimaliza saa kumi kasorobo.

Basi lilipokuja, utingo akaona kilichokuwa ndani ya gunia, akapiga kelele kama amemwona chatu. Nikashushwa. Nikatembea. Makupa nilikwenda mbio, kanzu nimeikunja kiunoni, watu wakiniangalia mzee mzima na gunia begani. Nikafika Nyali, na daraja lilikuwa limefunguliwa.

Kulikuwa na tishali limebeba mawe, linavutwa na mashua ndogo yenye moshi mwingi na nguvu chache. Sehemu ya katikati ya daraja ilikuwa imesogezwa kando lipite. Likakaa pale. Kamba ilikuwa imekatika, au wameisahau, sijui, watu wake walikuwa wakibishana bila haraka yoyote. Sisi wa kwenda bara tukajaa upande huu: wenye vikapu, wenye kuku, vibarua wa bandarini wanaotoka kazini. Kila mmoja alikuwa anakwenda kwake na kila mmoja alijua kwamba atafika tu, akichelewa atakula chakula kimepoa. Jua lilikuwa limekwisha kugeuka jekundu nyuma yangu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nampenda. Msinicheke. Miaka kumi na sita nilikuwa naye, sikupata kulifikiri neno hilo. Nililifikiri nimesimama kwenye ubao wa daraja, nimekumbatia chuma. Niliona nyumba bila yeye. Niliona nikirudi msikitini jioni na hakuna taa. Nikalia, mbele za watu, na mama mmoja mwenye kuku akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Waliporudisha daraja nilikuwa wa kwanza. Sijui nilivyokwenda. Kiatu kimoja kilibaki Kisauni njiani, sikukirudia. Nilipoiona nyumba, jua lilikuwa bado limeshika vichwa vya minazi, jekundu, kama shibiri mbili juu ya miti. Nikapiga ukelele wa furaha.

Ruwaida alikuwa ukumbini, ameketi juu ya sanduku lake. Amevaa buibui. Sidi mke wa Jefwa alikuwa amekaa kizingitini, kata ya kubebea mzigo mapajani mwake. Nikawaruka wote wawili, nikaitoa bunduki guniani nikaisimamisha katikati ya ukumbi.

"Nimewahi! Tazama jua! Tazameni, lingalipo! Nimewahi, Ruwaida!"

Alitazama jua. Kisha akaitazama bunduki, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika.

"Usilie, mke wangu," nikasema, na mimi mwenyewe nalia. "Yamekwisha. Fungua sanduku. Hakuna talaka."

"Umewahi," akasema ndani ya mikono yake. "Nami nimeomba usiwahi. Tangu Jumamosi, kila sala, nimeomba usiwahi."

Sikuelewa. Nilimwangalia Sidi, naye akaangalia chini.

"Waomba niachane nawe?"

Akaondoa mikono usoni. "Mara mbili umeniacha, mara mbili ukanirejea. Kuna siku uliniuliza kama nataka kurudi? Uliingia mlangoni ukasema nimekurejea, ukauliza chakula kiko wapi."

"Sheria hainilazimishi kukuuliza!"

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nikiingoja ya tatu."

Jamani, hasira. Ilinijia ile ile, ya miaka yote. Nimeuza baskeli, nimepoteza kiatu, nimelia darajani mbele ya watu wenye kuku! Mkono wangu ulikuwa kwenye bunduki, na mkono ukafanya ulichofundishwa na Pirdad. Ukaisukuma ile pete chini, ukairudisha juu. Klak, klak. Sikumwelekezea, naapa. Kasiba ilikuwa inatazama dari.

Ruwaida alianguka kutoka sandukuni. Alijikunja ukutani, mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine tumboni, macho ameyafumba kwa nguvu. Hakupiga kelele. Alikuwa anangoja. Sidi alikwisha kuruka nje.

Nikasimama vile, na bunduki mkononi, nikimtazama mke wangu anavyongoja nimuue. Na nikaona kwamba mkao ule alikuwa anaujua. Hakujifunza siku ile. Ulikuwepo siku ya kitoweo, ulikuwepo siku ya harusi, ulikuwepo Jumamosi sahani iliporuka. Mimi tu sikupata kutazama chini baada ya kupiga kelele.

"Haina risasi," nikasema. "Ruwaida. Haina hata moja. Sikuwa na pesa za risasi."

Akafumbua macho. "Mimi ningejuaje?" akasema.

Nikailaza sakafuni, nikaisukuma mbali kwa mguu. Nikakaa chini. Tulikaa hivyo, yeye ukutani, mimi mlangoni, na jua likawa linateremka, na hapakuwa na kiapo tena cha kutulazimisha lolote. Nilikuwa nimeshinda. Alikuwa mke wangu kisheria, na ningeweza kumwambia afungue sanduku, naye angelifungua. Mambo yangeendelea. Angenipikia, angeniitikia abee.

Ule ulimi wangu ulio mwepesi, siku ile ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nililitafuta neno nikalikosa, nikalipata nikalimeza. Mwisho nikalisema, chini sana.

"Nimekuacha, Ruwaida. Ni ya tatu."

Kisha akainuka, akajikung'uta vumbi, akatengeneza buibui lake. Akaenda mlangoni akamwita Sidi arudi, akamwita na Jefwa, aliyekuwa amekuja mbio kwa ukelele wa mkewe. Akawasimamisha pale.

"Sema tena," akaniambia. "Wasikie watu. Usije kesho ukasema hukusema."

Nikarudia. Nililisema mbele ya Mgiriama na mkewe, kwa sauti, neno kwa neno, na Jefwa akavua kofia, sijui kwa nini.

Nilimpa idhini eda aikalie kwa kaka yake Barakat. Nikamwambia nitamsindikiza mpaka darajani, njia ni mbovu. Akasema hapana haja, Jefwa atakwenda nao. Akasema, "Allah akulipe, Mahfudh." Hakuniita Baba Khairiya. Sidi akajitwika sanduku, Jefwa akatangulia, wakashika njia ya Kisauni, nami nikawatazama mpaka buibui lake nikawa silitofautishi na vivuli vya minazi.

Nikaswali magharibi peke yangu. Upande wa chini nikawasikia wale hashakum wameanza kuchimba, mapema hata kuliko desturi yao, na bunduki imelala sakafuni pale nilipoisukuma. Sikuiokota. Nikaenda jikoni nikitafuta maji ya kunywa, nikakuta ameniachia chakula, kimefunikwa kawa, bado kina moto. Nikafunua. Ulikuwa wali wa mtu mmoja.